John Bunyan: Fundi wa Masufuria Aliyelelewa na Vitabu Vichache



Kwenye semina za watumishi kuna swali halikosi kuulizwa: mhubiri asome vitabu gani? Wapo wanaosema Biblia peke yake inatosha, vingine vyote ni kumzima Roho. Wapo wengine ambao kabati zao zimejaa vitabu mpaka juu, lakini ukiuliza wanasimamia nini, unakuta msimamo unageuka kila anapofika mgeni mwenye jina kubwa. Mimi mwenyewe nina cheti tu cha chuo cha Biblia, kwa hiyo swali hili linanigusa. Badala ya kubishana, nimeona tumtazame mtu mmoja aliyekwisha kulala karne tatu na zaidi zilizopita, ambaye maisha yake yote yalijengwa na vitabu visivyozidi vidole vya mkono mmoja. Huyo ni John Bunyan wa Uingereza, mwandishi wa Safari ya Msafiri.

Kijana wa Elstow

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kuziba masufuria na birika. Ni kazi tunayoijua sote: fundi anapita nyumba kwa nyumba na vifaa vyake mgongoni, anatafuta chombo kilichotoboka. John naye alirithi kazi hiyo. Shuleni alipelekwa akajua kusoma na kuandika, ila hakufika mbali, na mengi ya aliyojifunza yakampotea.

Kitu alichopenda kusoma wakati huo kilikuwa hadithi za mashujaa na mazimwi, vile vijitabu vya bei rahisi vilivyouzwa sokoni. Biblia hakuijali. Alikuwa kijana wa matusi mazito, mpenda ngoma na michezo, hata siku ya Bwana.

Mwaka 1644 ulimpiga vibaya. Mama yake alikufa mwezi Juni, dada yake akafuata mwezi uliofuata, na haukupita muda baba akaoa mke mwingine. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 16 tu, aliingia jeshi la Bunge wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Siku moja alipangwa kwenda zamu, mwenzake akaomba aende badala yake. Yule mwenzake alipigwa risasi ya kichwa akafa palepale. Bunyan hakuisahau habari hiyo maisha yake yote. Lakini wakati ule haikumgeuza. Wapendwa, mtu anaweza kuokolewa na kifo asubuhi na jioni akarudia matusi yake.

Mke aliyekuja na vitabu viwili

Baada ya jeshi, yapata mwaka 1649, Bunyan alioa. Jina la mke huyu wa kwanza halikuandikwa popote. Walikuwa maskini kiasi kwamba katika nyumba yao hapakuwa na sahani wala kijiko. Lakini bibi harusi alikuja na vitu viwili alivyoachiwa na baba yake, mtu mcha Mungu: vitabu viwili. Kimoja kiliandikwa na Arthur Dent, kuonyesha njia ya mtu wa kawaida kwenda mbinguni. Cha pili kiliandikwa na Lewis Bayly, juu ya kuishi maisha ya utauwa.

Wakawa wanasoma pamoja jioni, mume na mke, huku mke akimsimulia jinsi marehemu baba yake alivyoishi. Hebu fikiria nyumba ile isiyo na kijiko, lakini ina vitabu viwili na ushuhuda wa mzee mmoja. Hapo ndipo Mungu alipoanzia.

Kitabu cha Dent kimeandikwa kama mazungumzo ya watu wanne: mtumishi wa Mungu, mtu mnyofu, mtu asiyejua kitu na mtu wa kupinga kila neno. Kila mmoja amepewa jina linaloonyesha tabia yake. Aliyewahi kusoma Safari ya Msafiri ataona mara moja mbegu ilikotoka.

Hata hivyo vitabu vile havikumwokoa. Vilimfanya aanze kwenda kanisani mara mbili kwa Jumapili na kuwa mtu wa dini. Majirani wakamsifu. Yeye mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba alikuwa amepakwa rangi nje tu.

Wanawake watatu, wanne, mlangoni

Siku moja alikuwa Bedford kwa kazi yake ya kuziba vyombo. Akawakuta wanawake maskini watatu au wanne wameketi mlangoni wanaota jua, wanazungumza mambo ya Mungu. Bunyan akasogea, maana siku hizo alijiona hodari wa maneno ya dini. Kumbe yale waliyokuwa wakizungumza hakuyajua hata kidogo. Walizungumza kuzaliwa mara ya pili, unyonge wa mioyo yao, na jinsi Yesu alivyowatembelea. Walizungumza kwa furaha, kama watu waliopata ulimwengu mwingine. Mtu wa dini akaondoka pale ameishiwa maneno.

Wanawake wale walikuwa wa kanisa dogo la Mchungaji John Gifford, ambaye naye zamani alikuwa afisa wa jeshi la mfalme, mlevi na mcheza kamari, kabla Yesu hajamkamata. Wakampeleka Bunyan kwa mchungaji wao. Akina mama wa idara ya maombi mnaosoma hapa, mtie moyo. Majina ya wale wanawake hatuyajui, ila mazungumzo yao ya kizingitini yalimzaa mhubiri.

Kitabu kilichochakaa

Baada ya hapo Bunyan hakupata amani upesi. Kwa miaka kadhaa aliteswa na mawazo. Sauti ilimsumbua ndani, mchana na usiku, kwamba amuuze Kristo. Siku moja, kwa kuchoka, akaona moyo wake umekubali, na tangu hapo akajihesabu kuwa Esau, yule wa Waebrania 12:16-17 aliyeuza haki yake asipate tena nafasi ya kutubu. Andiko lile lilimkalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Katika kipindi hicho kilimfikia kitabu kingine, ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia. Nakala yenyewe ilikuwa kuukuu, ukigeuza ukurasa vibaya unabaki nao mkononi. Alipoanza kusoma alishangaa, kwa sababu mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 kabla yake alikuwa ameandika hali yake kana kwamba alikaa ndani ya moyo wake. Luther naye aliwahi kutetemeka mbele ya sheria, na akafundisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani. Baadaye Bunyan alisema kwamba ukiiacha Biblia, hakuna kitabu alichokipenda kwa dhamiri iliyojeruhiwa kuliko hicho.

Lakini angalieni kilichomfungua. Luther alimwonyesha njia, ila mlango ulifunguliwa na Maandiko yenyewe. Neno la 2 Wakorintho 12:9 kuhusu neema ya Mungu kutosha likaanza kupambana ndani yake na lile la Esau, na neema ikashinda. Kisha siku moja akitembea shambani akaelewa kwamba haki yake iko mbinguni, ni Kristo mwenyewe, sawasawa na 1 Wakorintho 1:30. Haki hiyo haipandi siku anapojisikia vizuri wala haishuki siku anapojisikia vibaya. Minyororo ikaanguka. Huo ndio msimamo wake wa kwanza, na hakuuacha mpaka kaburini.

Usiku wa Novemba 1660

Bunyan alianza kuhubiri, na watu walikuja kwa mamia kumsikia fundi wa masufuria. Wengine walikuja kucheka wakarudi wakilia. Mwaka 1658 mke wake alifariki akamwachia watoto wanne, na mkubwa wao, Mary, alizaliwa kipofu. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth.

Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudi kwenye kiti, na watawala wakaanza kuwabana wahubiri walio nje ya kanisa la serikali. Tarehe 12 Novemba mwaka huo Bunyan alialikwa kuhubiri katika nyumba moja huko Lower Samsell. Alipofika aliambiwa kuna hati ya kumkamata, na mwenye nyumba akashauri waahirishe ibada. Bunyan akatoka nje peke yake, akatembea shambani akitafakari. Akaona akikimbia, waongofu wachanga wataona kwamba mchungaji ana nguvu ya maneno tu. Akarudi ndani. Walipokwisha kuomba, Biblia ikiwa mkononi, askari akaingia.

Hakimu alimpa njia nyepesi: apate wadhamini na aahidi kutokuhubiri, aende nyumbani. Akakataa. Mwezi Januari 1661 akasomewa hukumu ya jela miezi mitatu, na kwamba asipoacha kuhubiri atafukuzwa nchini, na akirudi bila ruhusa atanyongwa. Jibu lake lilikuwa kwamba wakimfungua leo, kesho atahubiri. Miezi mitatu ikawa miaka 12.

Elizabeth mbele ya majaji

Tukimsimulia Bunyan tukamwacha Elizabeth, tumesimulia nusu. Alikuwa mjamzito mume wake alipokamatwa. Mshtuko ule ulimtia uchungu kabla ya wakati, akajifungua na mtoto akafa. Alibaki na watoto wanne wasio wa tumbo lake, mmoja kipofu, wakiishi kwa msaada wa watu. Hata hivyo alisafiri mpaka London kupeleka ombi kwa wakubwa, na mwezi Agosti 1661 akasimama mbele ya majaji mjini Bedford, chumba kimejaa waheshimiwa. Jaji mmoja alimfokea. Mwingine, Matthew Hale, alimhurumia na kumweleza njia za kisheria, lakini hakumfungua mume wake. Elizabeth alitoka akilia, na alieleza kwamba hakulia sana kwa sababu ya ugumu wao kwake, bali kwa hesabu watakayotoa Bwana atakapokuja.

Ng'ombe wawili wa sanduku la agano

Sasa hapa ndipo penye uzito, na naomba tusipite haraka. Je, mtumishi ana haki ya kushika msimamo ambao bei yake inalipwa na watoto wake?

Bunyan hakulijibu swali hili kwa kelele za madhabahuni. Aliandika kwamba kutengana na mke na watoto kulikuwa kama kunyofolewa nyama mifupani, na zaidi kwa ajili ya yule binti kipofu, aliyekuwa karibu na moyo wake kuliko wote. Aliwaza jinsi atakavyoomba mitaani, atakavyopigwa, atakavyolala na njaa na baridi, na yeye hawezi kuvumilia hata upepo kumvumia mtoto huyo. Alijiona kama mtu anayeibomoa nyumba juu ya vichwa vya familia yake.

Kilichomshikilia ni Maandiko mawili. La kwanza ni Yeremia 49:11, ambamo Mungu anajitwika yatima na wajane. La pili ni 1 Samweli 6, habari ya wale ng'ombe wawili wanaonyonyesha waliofungwa kwenye gari la sanduku la agano. Sisi wa jamii za wafugaji tunaelewa haraka. Ng'ombe mwenye ndama haendi mbali, atageuka tu. Wale walitoka nchi ya Wafilisti wakavuka mpaka kuingia Israeli, wanalia njia nzima kwa ajili ya ndama zao, lakini hawakugeuka kulia wala kushoto. Bunyan alijiona humo. Kulia kwao hakukuwa dhambi. Kugeuka nyuma ndiko ambako kungeliangusha sanduku.

Tena hakuwaacha familia yake kwa jina la imani. Akiwa jela alijifunza kutengeneza nyuzi ndefu za kufungia nguo na viatu, zenye ncha za madini, akatengeneza maelfu kwa maelfu zikauzwe, watoto wale. Hapa baadhi yetu tuinamishe kichwa. Mwinjilisti anavuka mpaka kwenda mkutano wa wiki tatu, nyumbani hakuacha unga wala chumvi, anaita hiyo ni kumtumikia Mungu. Bunyan alikuwa na kisingizio cha kweli, alikuwa amefungwa, na bado alitafuta namna ya kulisha nyumba yake.

Hata woga wake hakuuficha. Alipowaza kunyongwa aliogopa kwamba magoti yatatetemeka kwenye ngazi na adui watacheka Injili. Mwisho akaamua: hata kama hatapata faraja yoyote kutoka mbinguni saa ile, atajirusha kwenye umilele kwa ajili ya jina la Kristo, ikiwa kuzama azame, ikiwa kuogelea aogelee. Hiyo ndiyo imani iliyokomaa.

Maktaba ya jela

Vitabu alivyokuwa navyo gerezani vinatajwa viwili: Biblia, na kitabu kikubwa cha John Foxe kinachosimulia wafia dini, wakiwemo Waingereza waliochomwa moto wakati wa Malkia Mary wa Kwanza. Mfungwa akisoma habari za waliotangulia anajua hayuko peke yake. Tangu hadithi za mazimwi za utotoni, vitabu viwili vya mke wake, Luther aliyechakaa, mpaka Foxe, kila kimoja kilikuja kwa wakati wake. Na juu ya vyote Biblia, ambayo aliisoma mpaka akawa haandiki sentensi nyingi bila harufu yake.

Kutokea humo gerezani akaanza kutoa. Aliandika juu ya kuomba kwa Roho, akishikilia 1 Wakorintho 14:15, akipinga watu kulazimishwa kusoma sala za kitabu cha serikali. Tusimfanye Mpentekoste, maana uamsho wa Azusa Street ulikuja mwaka 1906. Lakini kwamba maombi ya kweli huzaliwa na Roho moyoni, hilo alilisema akiwa nyuma ya kufuli. Mwaka 1666 alitoa habari ya wokovu wake mwenyewe. Na humo kifungoni ndimo alimoanza safari ya yule mtu mwenye mzigo mgongoni aitwaye Mkristo.

Alifunguliwa mwaka 1672, akawa mchungaji wa kanisa lake la Bedford, akafungwa tena miezi michache miaka ya baadaye, na mwaka 1678 Safari ya Msafiri ikachapishwa. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, Kiswahili kikiwemo. Huko Madagaska, wakati Malkia Ranavalona wa Kwanza alipowatesa Wakristo, waumini walikitunza kwa lugha yao kwa siri kama hazina. Kitabu cha mfungwa kikawa chakula cha wafungwa.

Maji yasitutenge

Kuna msimamo mwingine unaofaa ushirika kama wetu wenye makanisa ya majina mengi. Bunyan aliamini ubatizo wa aliyeamini. Lakini mwaka 1673 aliandika kwamba tofauti juu ya ubatizo wa maji isimzuie mtakatifu kushiriki meza ya Bwana na wenzake. Alishambuliwa vikali na ndugu wa imani yake mwenyewe, hakurudi nyuma. Unaweza usikubaliane naye. Jambo la kujifunza ni kwamba alijua lipi la kufia na lipi la kuvumiliana. Aliyekataa kusalimu amri kwa jaji hakukataa kula na ndugu.

Mwisho wake ulifanana na maneno yake. Mwaka 1688 alipanda farasi mpaka Reading kumpatanisha baba na mwana waliogombana. Akafanikiwa. Akiwa njiani kwenda London alinyeshewa mvua kubwa, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 Agosti nyumbani kwa rafiki yake muuza duka. Amezikwa Bunhill Fields, London. Moja ya kazi zake za mwisho mwisho ilikuwa ya kupatanisha.

Tuondoke na nini?

Kwanza, vitabu vizuri havishindani na Biblia, vinakurudisha kwake. Kitabu kinachokuacha unamsifu mwandishi kuliko Bwana, kiweke chini.

Pili, soma kidogo, soma sana. Chukua kimoja mwaka huu, ukirudie mpaka kichakae. Na kama mna kimoja tu nyumbani, someni wawili, mume na mke.

Tatu, msimamo haununuliwi siku ya kukamatwa. Bunyan alishinda kesi shambani, akiwa peke yake na Mungu, kabla askari hajafika.

Nne, lia kama wale ng'ombe, lakini usigeuke. Na kabla ya kuvuka mpaka, acha unga nyumbani.

Mungu aubariki ushirika wetu, na awainue kati ya watoto wetu mafundi, wauza mboga na madereva watakaobeba sanduku kuvuka kila mpaka. Amina.